Tukio lifike kabla ya muda wake: kuunganisha kisima, bomba na tangi kwenye mteremko wa Moshi

Mteremko wa Kilimanjaro umezoea maji yanayoshuka yenyewe kwenye mifongo. Maji ya kupandishwa kwa pampu yana shida nyingine. Bomba likikatika korongoni, pampu iliyo chini haina habari. Inaendelea kusukuma, na maji yanachimba udongo chini ya shamba la mtu hadi mlinzi ashuke kwa miguu kuizima.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya bodi ndogo za kielektroniki, zilizo mbali mbali, zipashane habari za matukio kwa muda unaojulikana. Mfano wetu ni huu: kisima kiko chini, tangi la mita za ujazo 50 liko mita 120 juu yake, na kati yao kuna bomba la kilomita 1.8 linalovuka korongo moja katikati ya njia. Pampu inatoa mita za ujazo 12 kwa saa, yaani lita 200 kwa dakika. Vipimo vyako vikiwa tofauti, badilisha hesabu. Mpangilio unabaki uleule.

Panga muda kwanza

Kosa kubwa kwenye mifumo hii hufanyika kabla ya kununua chochote, pale mtu anaposema "nataka taarifa zifike haraka." Haraka si kipimo. Kila tukio lina muda wake wa mwisho, na likifika baada ya hapo ni sawa na kutofika. Andika matukio yako yote kwenye karatasi, na mbele ya kila moja weka muda huo.

Tangi kujaa: tuseme pampu huzimwa wakati juu ya alama ya kujaa imebaki nafasi ya mita za ujazo 4. Lita 4,000 ugawe kwa 200 kwa dakika ni dakika 20 kabla maji hayajamwagika. Kwa hiyo tukio ambalo kila mtu hulikimbilia lina muda mrefu kuliko yote. Taarifa ikichelewa nusu dakika hakuna kilichoharibika.

Bomba kukatika korongoni: tumeipa sekunde 2 tangu presha ishuke hadi kontakta ya pampu (swichi kubwa inayopitisha umeme wa mota) iachie. Hili ndilo tukio gumu, na karibu kila uamuzi hapa chini umefanywa kwa ajili yake.

Kisima kukauka, au fezi moja ya umeme kupotea: mota ya kisima huungua upesi sana. Tukio hili halitakiwi kupita kwenye mtandao kabisa. Weka rilei ya kulinda fezi na kifaa cha kupima mkondo wa mota kwenye boksi lilelile la pampu, vikate umeme wa koili ya kontakta moja kwa moja kwa waya. Mtandao upewe taarifa baadaye. Ulinzi wa mota usitegemee ujumbe unaosafiri hewani.

Kisha zipo taarifa za kawaida, kama lita zilizosukumwa au volti ya betri. Hizo zinaweza kungoja hata saa nzima.

Sasa gawanya zile sekunde 2, yaani milisekunde 2,000. Kusoma presha kila milisekunde 50 na kuthibitisha mara 10 mfululizo: 500. Kusafiri hadi kwa dalali (programu ya kati inayopokea na kugawa ujumbe, tutaieleza hapa chini) na kutoka kwake hadi bodi ya pampu: 50 kwa siku njema. Pakiti moja ikipotea na kutumwa tena: weka 1,000. Kontakta kuachia: 50. Jumla ni 1,600, na akiba ni 400. Usimpe mtu mwingine akiba hiyo. Siku ya mvua utaihitaji.

Dalali wa matukio

Programu ya kati ya matukio hufanya kazi ya dalali. Bodi ya korongo hutangaza kilichotokea chini ya mada fulani, na wanaotaka mada hiyo wamejiandikisha kwa dalali. Mtangazaji hamjui msikilizaji. Faida yake utaiona mwaka ujao, ukitaka kuongeza king'ora kwenye nyumba ya mlinzi: unajiandikisha kwenye mada, na bodi ya korongo haiguswi.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya njia ya matukio ya muda halisi ndani ya CORBA, kiwango cha kuunganisha programu zilizo kwenye mashine tofauti, ambayo dalali wake alichuja matukio, akayahusisha, na kuyagawa kwa kufuata kipaumbele. Mwaka 2004 kikafuata kiwango cha DDS cha kugawa data, ambacho humwezesha mtumiaji kutaja muda wa mwisho wa kila taarifa, umri wake wa kuishi, na dalili ya uhai wa mtangazaji. Kwa bodi ndogo na mafundi wachache tunachagua MQTT, lugha nyepesi ya kupashana ujumbe kupitia dalali, iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakifuatiliwa kwa setilaiti. Ni nyepesi na zana zake ni za bure. Lakini mambo yale matatu ya DDS haikupi yote yakiwa tayari, hivyo yanayopungua utayajenga mwenyewe.

Vifaa

Kwa kila kituo: bodi moja ya ESP32 yenye tundu la Ethernet, na redio ya 5.8 GHz ya kuunganisha nukta kwa nukta. Tunasisitiza Ethernet kati ya bodi na redio. WiFi ya ESP32 hulala kidogo ili kuokoa umeme, na kulala huko huongeza mamia ya milisekunde usiyoyatarajia. Ukilazimika kutumia WiFi, izime hali hiyo kwa `esp_wifi_set_ps(WIFI_PS_NONE)`, na usisome sensa kwenye miguu ya ADC2 (ADC ni sehemu ya bodi inayogeuza volti kuwa namba), kwa kuwa WiFi inaitumia.

Kisimani: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 kwa ajili ya dalali, saa ya DS3231 yenye betri yake, na diski ya SSD. Kadi ya SD ikiandikwa mfululizo huchakaa, na kabla ya kufa huanza kusimamisha maandishi kwa sekunde nzima.

Korongoni: kipima presha cha 0 hadi 10 bar chenye mkondo wa miliampea 4 hadi 20, na rezista ya omu 120 yenye usahihi wa 1%. Juu ya korongo kuna maji ya kimo cha mita 70, kwa hiyo presha ya kawaida ni karibu 7 bar. Hapo mkondo ni miliampea 15.2, na kwenye rezista utapima volti 1.82. Kizingiti cha kukatika tumekiweka 4.5 bar, ambayo ni volti 1.34. Volti ikishuka chini ya 0.43 mkondo umeenda chini ya miliampea 3.6. Maana yake ni kwamba waya umekatika au kipimo kimekufa, si bomba. Ni tukio jingine lenye jina lake. Wengi hutumia rezista ya omu 150 au 165 ili kufika volti 3, kumbe ADC ya ESP32 hupoteza usahihi ikipita takriban volti 2.4.

Umeme wa korongo: redio wati 6 na bodi wati 1.5 ni wati-saa 180 kwa siku. Kipima presha hula kidogo. Paneli ya wati 50 inatosha kwenye karatasi tu. Juni hadi Agosti mawingu hukaa mlimani hadi mchana, kwa hiyo weka wati 100 na betri ya LiFePO4 ya 12.8 V, Ah 50. Ukitumia 80% ya betri hiyo unapata karibu siku mbili na nusu hadi tatu bila jua.

Mlingoti: kwa kilomita 1.8 na 5.8 GHz, mawimbi yanahitaji nafasi tupu ya karibu mita 3 kuzunguka mstari wa kuonana, hasa katikati ya njia. Pima juu ya migomba iliyokomaa, si ile iliyopandwa jana, na kumbuka migrevilea hurefuka kila mwaka. Majani makavu ya Februari yatakupa kiungo kizuri. Majani yaleyale yakilowa masika yatakinyonga.

Ujumbe wenyewe

Tukio moja lina baiti 22: namba ya kifaa (1), daraja la uharaka (1), aina (2), idadi ya mara ambazo bodi imewashwa (2), namba ya mfululizo (4), wakati kwa maikrosekunde (8), na thamani (4). Iandikwe kwamba baiti ndogo hutangulia. Ile namba ya kuwashwa wengi huiacha. Bodi ikijizima na kuwaka, mfululizo huanza tena sifuri, na msikilizaji anayetupa namba zilizopita atatupa matukio mapya akidhani ni ya zamani.

Mada ziwe fupi:

`maji/korongo/tukio/presha`
`maji/korongo/pigo`
`maji/tangi/hali/kiwango`
`maji/tangi/pigo`
`maji/pampu/hali`

Tenganisha *hali* na *tukio*. Hali ni jinsi kitu kilivyo sasa: kiwango cha maji, pampu inazunguka au imesimama. Hali ibakizwe kwa dalali, ili anayejiunga sasa aipate papo hapo. Tukio ni kilichotokea, na halibakizwi kamwe. Ukilibakiza tukio la "bomba limekatika", kila pampu itakapojiunga upya italipokea na kujizima, hata wiki moja baada ya bomba kushonwa.

Usitangaze amri pia. Bodi ya tangi isiseme "zima pampu." Iseme "kiwango ni sentimita 212," na bodi ya pampu iamue. Amri ikikaa kwenye foleni dakika 40 wakati mtandao umekufa, itafika ikiwa na nguvu ileile na kuwasha pampu ambayo fundi ameishika mkononi. Kama amri hazikwepeki, tumia MQTT 5 na uziwekee muda wa kuisha wa sekunde 3.

Dalali: mipangilio

Sakinisha Mosquitto, programu ya dalali wa MQTT, toleo la 2. Toleo hili halisikilizi nje ya mashine yake mpaka uliagize, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya bodi kukataliwa siku ya kwanza.

```
listener 1883
allow_anonymous false
password_file /etc/mosquitto/nywila
acl_file /etc/mosquitto/ruhusa
set_tcp_nodelay true
max_inflight_messages 20
max_queued_messages 200
persistence true
autosave_interval 300
```

Ukifunga `listener` kwenye anwani moja, kama 192.168.50.1, hakikisha huduma inangoja mtandao uwake. Umeme ukirudi na Pi ikaamka kabla ya redio, Mosquitto haitaipata anwani hiyo na itagoma kuanza.

Faili la ruhusa:

```
user korongo
topic write maji/korongo/#
topic read maji/pampu/hali

user tangi
topic write maji/tangi/#

user pampu
topic read maji/korongo/#
topic read maji/tangi/#
topic write maji/pampu/#
```

Kila bodi iwe na jina lake la mteja. Bodi mbili zenye jina moja hufukuzana kwa dalali bila kukoma: mmoja akiingia, mwenzake anatolewa.

Saa: bila DS3231, Pi huamka na wakati wa zamani kila umeme unapokatika na intaneti ikiwa haipo. Weka `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, halafu kwenye chrony, programu ya kusawazisha saa, andika `local stratum 10` na `allow 192.168.50.0/24`, ili igawe wakati kwa bodi hata ikiwa peke yake. Kristali yenye kosa la sehemu 10 kwa milioni hupotea milisekunde 36 kwa saa, kwa hiyo kusawazisha kila dakika 15 kunatosha. Wakati huo ni wa kumbukumbu tu. Kuhesabu kimya cha mwenzako tumia saa ya ndani isiyorudi nyuma, `esp_timer_get_time()`, maana saa ya ukutani ikirukishwa mbele sekunde 20 pampu itadhani korongo limekufa.

Ndani ya bodi

Tumia kazi tatu za FreeRTOS, mfumo unaogawa muda wa bodi kati ya kazi kwa kipaumbele. Ya kusoma sensa iwe na kipaumbele 10, ya kutangaza matukio ya haraka 8, na ya taarifa za kawaida 3. Kati yao weka foleni mbili: ya haraka nafasi 8, ya kawaida nafasi 64. Foleni ya kawaida ikijaa, tupa lililo la zamani zaidi. Ya haraka isijae kamwe. Ikijaa, hesabu kosa hilo na ulitangaze, kwa sababu ni dalili kwamba hesabu yako ya muda si ya kweli.

Kazi ya sensa isiite `esp_mqtt_client_publish`. Wito huo unaweza kusimama ukingoja mtandao, na wakati huo presha haisomwi. Sensa iweke kwenye foleni tu na iendelee.

Fungua miunganiko miwili ya MQTT kutoka bodi ya korongo, mmoja wa matukio ya haraka na mwingine wa taarifa, kila mmoja na jina lake la mteja. TCP, njia inayobeba ujumbe wa MQTT, hupanga baiti kwa mfuatano. Taarifa ya lita ikipoteza pakiti, tukio la bomba lililo nyuma yake linangoja mstarini kama gari nyuma ya lori lililokwama.

Tukio la kukatika litumwe kwa QoS 1 (mpokeaji lazima athibitishe; QoS 0 hutumwa mara moja bila uthibitisho), na lirudiwe kila milisekunde 200 mpaka `maji/pampu/hali` iseme imesimama. Kurudia hakuna madhara, kwa kuwa kuzima pampu iliyozimwa hakubadilishi kitu. Maktaba ya PubSubClient ya Arduino hutangaza kwa QoS 0 peke yake, kwa hiyo hapa tumia ya ESP-IDF, zana za mtengenezaji wa ESP32. Na kama kiungo chako kinapoteza zaidi ya pakiti 1 kwa 100, tuma tukio hilohilo sambamba kwa UDP (njia isiyongoja uthibitisho wala mfuatano) moja kwa moja hadi bodi ya pampu. Litakalotangulia ndilo litakalofanya kazi, na namba ya mfululizo italitupa la pili.

Bodi ya korongo nayo isikilize hali ya pampu. Pampu ikianza au kusimama, presha huyumba. Kwa sekunde 30 za mwanzo ongeza uthibitisho kutoka mara 10 hadi 40, ingawa kwa muda huo zile sekunde 2 zitapitwa. Bila hivyo pampu itajizima kila asubuhi, na siku ya tatu mwendeshaji atachomoa waya wa sensa. Hapo mfumo wote umekwisha, hata kama programu ni nzuri.

Kimya

Hapa ndipo mifumo mingi hushindwa. Kila bodi itume pigo la uhai kwa QoS 0, korongo kila milisekunde 500 na tangi kila sekunde 5. Usitegemee wosia wa MQTT peke yake, yaani ujumbe ambao dalali huutangaza mteja akipotea: kwa keepalive (pigo la MQTT yenyewe) ya sekunde 10, dalali humtangaza mteja amekufa baada ya mara moja na nusu, yaani sekunde 15. Wosia unafaa kwa skrini ya mwendeshaji, si kwa bomba.

Kimya cha korongo na kimya cha tangi havilingani. Tangi likinyamaza, bodi ya pampu inajua kiwango cha mwisho na kasi ya kujaza, hivyo inaweza kukadiria nafasi iliyobaki na kuendelea hadi nusu yake iishe. Korongo likinyamaza, fikiri kinachoweza kuwa kimetokea: mafuriko ya Aprili yanayong'oa bomba huondoka na mlingoti pia. Tukio lenyewe halitatumwa na mtu. Kwa hiyo kimya cha korongo cha sekunde 10 kizime pampu, na isiwashwe tena mpaka mapigo yatulie dakika 2 mfululizo. Tangi lina akiba, na kusimama kwa dakika chache hakumnyimi mtu maji.

Kupima

Anzia mezani, bodi zote zikiwa pamoja. Bodi ya korongo ipandishe mguu mmoja presha ya bandia inaposhuka, bodi ya pampu ipandishe wake inapoachia rilei, na vyote viwili viingie kwenye kichanganuzi kimoja cha ishara. Kwa njia hiyo saa ni moja na hakuna ubishi. Fanya mara 10,000. Wastani hauna maana hapa. Tazama kubwa kuliko zote.

Kisha haribu mtandao kwa makusudi, kutoka kwenye Pi:

```
sudo tc qdisc add dev eth0 root netem delay 100ms 40ms loss 5%
```

Rudia mara 10,000, halafu ondoa kwa `sudo tc qdisc del dev eth0 root`. Amri hii huharibu upande wa kutoka kwenye Pi tu, kwa hiyo weka daraja la pili la mtandao ukitaka kuharibu pande zote. Likivuka milisekunde 2,000 hata moja, ongeza njia ya UDP au punguza uthibitisho wa presha. Usirefushe muda wa mwisho ili jaribio lipite.

Kwenye eneo lenyewe, kosa la kwanza utakalokutana nalo ni bodi kujiwasha upya kontakta inapoachia. Koili hutoa mruko wa umeme. Weka rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 aina ya X2 kwa mfululizo, sambamba na koili, na utenge waya za sensa na za mota kwenye mabomba tofauti. La pili ni radi: mlingoti, boksi na ngao ya waya viende kwenye nguzo moja ya ardhi, na kinga ya mruko ikae pale waya unapoingia boksini.

Jaribio la mwisho lifanywe pampu ikizunguka, mtu mmoja akiwa korongoni na simu. Afunge vali ndogo ya kipima presha, kisha aifungulie nje kipimo kishuke, na wa kisimani ahesabu. Baadaye achomoe umeme wa redio, na pampu isimame ndani ya sekunde 10. Halafu wa kisimani azime Pi yenyewe: bodi ya pampu itasikia kimya cha wote na kusimama. Zikishindwa moja kati ya hizo tatu, mfumo usikabidhiwe.

Ndani ya mlango wa boksi bandika karatasi yenye volti 1.82, 1.34 na 0.43, anwani za bodi, na tarehe ya kupogoa migrevilea iliyo kwenye mstari wa redio.